Springi za Médard

Ukitaka kujua unyonge wa lori, usilitazame likiwa tupu. Likiwa tupu, kila lori ni bwana harusi. Litazame siku linapokaliwa. Gari la Mumbere, lililokuwa likilala uani kwake mtaani Ngezi, lilikuwa bwana harusi wa muda mrefu: lilibeba mbao, likabeba mihogo ya Aveba, likabeba watu na mbuzi wao juu ya mihogo, na kila mara lilirudi likikohoa lakini limesimama. Mumbere na mkewe Pétronille walipata riziki kwalo pamoja na watoto wao, Christella na wadogo zake, na hakuna tajiri aliyempigia Mumbere kelele asubuhi. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda kuliko yote.

Kisha Maman Alphonsine akamwita. Mama huyu alikuwa na maduka ya jumla karibu na soko, na alikuwa na trela iliyokaa bila gari tangu dereva wake alipohamia Uganda bila kuaga.

"Nilisikia weye si mulevi," alimwambia Mumbere. "Nivutie sukari yangu toka Mahagi. Ukivuta muzuri, kazi ni yako mpaka uzeeke." Kisha akageuka ili karani wake Yannick na wazee wawili aliowaita washuhudie wasikie vizuri. "Lakini muzigo ikipotea juu ya ubovu ya gari, gari njo itajibu: itakuwa yangu."

Mumbere alikubali. Masikini akiitwa na tajiri husikia mwito, masharti huyasikia akishafika nyumbani.

Trela yenyewe, remorke kama waitavyo Bunia, haikuwa ile ya kufungwa nyuma na kuburutwa. Ilikuwa ile ndefu isiyo na magurudumu ya mbele, ambayo huja ikakalisha kifua chake chote juu ya mgongo wa gari linaloivuta. Gari la kufanya kazi hiyo lazima likatwe kitanda cha mizigo, liwekewe kiti cha chuma cha kuipokea trela, na zaidi ya yote liimarishwe springi za nyuma, yale mapande ya chuma yaliyopinda na kulaliana, ambayo Bunia nzima huyaita resore.

"Kiti ya remorke, Maman atatoa yake ya zamani," alisema fundi Bruno, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. "Kukata, miye nitakata. Shida ni resore. Hizi zako ni za kubeba mihogo."

"Kwani mihogo haina kilo?"

"Iko na kilo, papa Christella. Lakini mihogo inalala gari yote. Remorke inakalia fasi moja tu, sawa mugeni mwenye hana haya. Bila kuongeza zingine za nguvu, gari itapiga magoti."

Springi mpya zilitoka Kampala. Mumbere aliuliza bei, akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena, asiulize mara ya pili. Alikwenda kwa ndugu zake wa Butembo wenye maduka mjini. Mmoja alimweleza kwa kirefu jinsi biashara ilivyokufa, huku vijana wake wakipakua katoni mlangoni, kisha akamfungulia soda. Mumbere aliinywa soda hiyo mpaka tone la mwisho, kwa kuwa kuiacha kungeonekana ni hasira. Alirudi nyumbani akamwambia Pétronille kwamba ndugu zake wanamsalimia sana.

"Walikusaidia?"

"Nimesema wanakusalimia."


Jumapili baada ya misa, Fanny akaja na mkokoteni.

Fanny alikuwa mjane wa Médard, kaka yake Pétronille. Médard naye alikuwa dereva. Alichomwa pamoja na gari lake kwenye barabara ya Mahagi, na ukoo ukalivuta gofu la gari lile hadi uani kwa Fanny, nyumba chache kutoka kwa Mumbere. Tangu siku hiyo lilikuwa limekaa pale, limeungua mpaka kwenye mifupa, na kila aliyemshauri Fanny auze chuma alijibiwa kwamba kaburi haliuzwi.

Kwao akina Pétronille, huko Mahagi, matanga hayajaisha mpaka kila ndugu apewe kitu cha marehemu: mmoja koti, mwingine kiti, mwingine jembe. Dada anayetoka mikono mitupu huhesabiwa kwamba ametengwa, na mjane aliyemtoa hivyo husemwa. Lakini Médard alikuwa amesafiri na kila chake garini. Pétronille alitoka mikono mitupu, na ingawa yeye mwenyewe hakusema neno, huko Mahagi maneno yalisemwa, yakafika Bunia yakiwa yamenenepa.

Fanny alisimama mbele ya mkokoteni wake, kitenge cha misa bado kiunoni.

"Wifi," alisema, "mama yenu aliniuliza: dada ya marehemu alibeba nini? Nilikosa jibu. Nililala na ile swali, nikaamuka nayo. Sasa nimesikia shemeji anatafuta resore." Akafunua gunia. "Jibu iko hapa."

Zilikuwa springi za nyuma za gari la Médard. Alikuwa ameita watu wawili wazifungue, akazisugua mwenyewe kwa mchanga, akazipaka mafuta ya mawese mpaka zikang'aa. Nene, nyeusi, nzuri kutazama.

"Hii ilibeba mbao mpaka Kisangani, haikuinama hata siku moja. Sitaki franka. Ni fungu yako. Ya kaka yako."

Pétronille alimkumbatia na wote wawili wakalia, kilio cha kweli, kile ambacho hakikupata nafasi siku za msiba kwa sababu ya wageni na sufuria. Mumbere alisimama kando akishika kofia yake. Watoto walitoka ndani kutazama, wakarudishwa.

"Aksanti, shemeji," Mumbere alisema mwishoni. "Aksanti sana." Na hapo nafasi ya kukataa ikapita.


Kesho yake zilipelekwa kwa Bruno. Fanny alikwenda nazo pamoja na Pétronille, kama mtu anayesindikiza mtoto siku ya kwanza ya shule. Bruno aliinua springi moja, akaitundika kwa kamba, akaigonga kwa nyundo. Kila fundi wa Bunia hufanya hivyo: springi nzima hugongwa ikalia kwa muda, sauti ikatembea. Hii ilijibu neno moja fupi, ikanyamaza.

Bruno aligonga tena. Mumbere, aliyekuwa akifungua boliti upande wa pili, aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Fanny alitabasamu.

"Inasemaje, fundi?"

"Inasema... chuma iko chuma, mama," alisema Bruno.

Fanny alifurahi sana akaenda kumtafutia fundi mandazi. Hapo ndipo Bruno alipomsogelea Pétronille, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama Christella. Hii ilikulaka moto. Resore ikiona moto mukali inakuwa mulaini. Kwa macho inasimama, lakini ukiikalisha inalala na haiamuki."

"Uko hakika?"

"Hakika kabisa, hapana. Moto hauchomake fasi yote sawasawa. Pengine ingine iko nzima. Lakini ile sauti haikunipendeza."

"Basi mwambie wifi yangu weye mwenyewe. Akirudi na mandazi yako, mwambie kitu ya bwana yake haina faida."

Bruno alitazama njia aliyokwenda Fanny.

"Miye ni fundi ya chuma," alisema. "Hiyo si kazi yangu."

Pétronille aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa. Lakini aliona jinsi ambavyo ingekuwa: yeye akirudisha fungu la kaka yake kwa mjane wa kaka yake, mbele ya mtaa mzima, na huko Mahagi wakisema kumbe kweli walikosana, kumbe ana neno na Fanny juu ya kifo kile. Tena, zikikataliwa hizi, nyingine ziko wapi? Umasikini na haya vikishikana mikono, akili hukaa pembeni ikasubiri.

"Funga," akamwambia fundi.

Bruno akafunga. Alizipiga nyundo zikapinda vizuri, akazipanga juu ya zile za zamani, akakaza boliti, na gari likanyanyuka nyuma kuliko lilivyowahi kunyanyuka. Lilipopita Ngezi likirudi nyumbani watoto walilikimbilia, na jirani mmoja akapaza sauti kwamba gari la Mumbere siku hizi linavaa viatu vya kisigino. Watu wakacheka. Fanny alicheka kuliko wote. Mumbere akateremka, akalizunguka, akashika tairi.

"Imesimama," alisema, bila kumtazama mkewe.


Kwenda Mahagi trela ilikuwa tupu, na tupu kila kitu ni rahisi. Pétronille alipanda na mumewe ili akamsalimie mama yake na kununua samaki wakavu wa ziwani wa kuja kuuza. Mama yake alimshika mikono yote miwili na kumwambia kwamba sasa Médard amelala. Hayo Pétronille aliyabeba moyoni njia nzima, na kwa muda alidhani kwamba fundi alikuwa mwoga tu.

Walirudi wamejaa sukari na sabuni, turubai limefungwa, katika msafara wa malori yaliyolindwa na wanajeshi, gari lao moja mbele na moja nyuma. Kila dereva wa barabara ile anajua sheria yake, haijaandikwa popote: anayebaki nyuma si wa mtu.

Kwenye milima kabla ya kufika Nizi, Pétronille akasikia harufu ya mpira unaoungua. Mumbere alikuwa ameisikia kabla yake. Alipunguza mwendo. Malori mawili yakawapita yakipiga honi. Gari lilikuwa limekaa chini nyuma, chasisi imelalia matairi, na kila shimo lilikuwa likipandisha kishindo mpaka kwenye meno. Kisha tairi moja likapasuka, na gari likapiga magoti hasa, kama fundi alivyosema, na pua ya trela ikalisukuma kando ya barabara.

Mumbere alishuka akachungulia. Pétronille akachungulia naye. Springi za Médard zilikuwa zimenyooka kama ubao, hazikuvunjika hata moja.

Afisa wa msafara alikuja mbio. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka.

"Teremusha miguu ya remorke, uiache hapa. Fuata na kichwa ya gari, polepole. Lakini sasa hivi."

Yannick, karani wa Maman Alphonsine, alikuwa katika lori la mbele kwa ajili ya kusindikiza mzigo. Alishuka na simu sikioni, akarudi nayo imewekwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Nyuma ya sauti ya Maman Alphonsine palisikika watu wakila, vijiko na sahani.

"Mumbere, mwanangu," alisema kwa upole. "Siye tulipatana mbele ya batu. Ukiiacha muzigo yangu mu njia, njo umeniachia gari. Miye sina neno ingine."

"Maman, tairi ilipasuka, resore ililala. Hii njia unaijua..."

"Ulisema gari iko tayari. Haukusema?"

Mumbere alikiri kwamba alisema. Afisa akatazama milima, akatazama jua, akasema kwamba yeye hangoji sukari ya mtu. Mumbere akamvuta mkewe kando.

"Panda lori ya Yannick."

"Na weye?"

"Miye nitabaki na muzigo. Nikiiacha, nimemupa gari kwa mukono yangu mwenyewe. Nikibaki, pengine nitapata batu ya Nizi banisaidie kupakua, nitengeneze kidogo kidogo."

Wote wawili walijua kwamba hiyo 'pengine' haikuwa na miguu. Pétronille alimshika shati.

"Papa Christella, niko na neno ya kukuambia. Bruno aliniambia siku ile kama..."

"Najua."

"Haujui. Aliniambia kama ile resore..."

"Nilisikia nyundo," alisema Mumbere. "Masikio yangu iko nzima, bibi yangu."

"Juu ya nini basi haukukatala?"

"Mulikuwa mumelia jana yake, weye na wifi yako. Nilikuwa sijakuonaka unalia vile tangu Médard akufe. Ningesema nini?"

Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Pétronille alimwambia kwamba atabaki naye, kwamba kama ni kufa wafe wawili. Mumbere akasema neno moja tu, "Batoto," akamsukuma kuelekea lori, na watu wa juu ya magunia wakamvuta kwa mikono. Alikaa juu ya vitunguu vya mtu asiyemjua. Aliwaza kwamba wote watatu walikuwa wamesikia, yeye, mumewe na fundi, na kila mmoja akanyamaza kwa ajili ya mwingine, na huo ukimya wote umeenda kukaa juu ya tairi moja.


Alipofika Bunia, Pétronille alianza kuzunguka kumtafutia mumewe msaada. Kwa Maman Alphonsine aliachwa amesimama barazani mpaka miguu ikamuuma, na mama huyo alipotoka, swali lake la kwanza lilikuwa kama turubai lilifunikwa vizuri, maana mvua ilinyesha.

"Maman, miye nauliza juu ya bwana yangu."

"Njo miye pia nauliza. Yeye njo alibaki na sukari, hapana?"

Kwenye ofisi ya madereva aliambiwa asubiri msafara mwingine, na msafara mwingine ulisubiri wanajeshi, na wanajeshi, alipowafikia, walisema gari lao halina mafuta, wakamtazama mikono kuona kama ameyaleta. Ndugu zake Mumbere wa Butembo walimwambia wanamwombea sana. Alirudi nyumbani kwa miguu, na Christella, binti yake mkubwa, akamuuliza kwa macho tu, naye akajibu kwa macho.

Fanny alikuwa pale tangu asubuhi, na rozari yake; alichoambiwa ni kwamba tairi lilipasuka, basi. Alikuwa amepika, amewaogesha wadogo, ametandika mkeka.

"Usilie, wifi. Atafika. Ile resore ya kaka yako haiwezi kumutupa. Médard alimupendaka sana shemeji. Itabeba. Mungu anajua, itabeba."

Pétronille alifungua kinywa. Palikuwa na nafasi ya kusema, pengine ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho, nyumba imetulia na wao wawili tu mkekani. Lakini Fanny alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea na punje za rozari, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, ulikuwa uso wa mtu mwenye kazi ya kufanya.

"Ndiyo, wifi," alisema.

Akapiga magoti karibu naye akaitikia sala ambayo hakuiamini.


Mumbere alirudi mgongoni mwa pikipiki ya mchimba dhahabu wa Nizi, bila viatu, bila shati, midomo imepasuka. Walikuwa wametoka porini watu wenye silaha ambao hawakujitaja. Walichukua walichoweza kubeba. Baada yao walikuja watu wa kawaida, na mabeseni, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwomba Mumbere radhi kabla ya kujichotea sukari. Yeye alikuwa amelala mtaroni. Hawakumwua, na hakujua kwa nini.

Mtaa mzima ulikuja kumshukuru Mungu. Uhai ni mali, walisema, gari ni chuma tu. Walisema hivyo wakala wali wa mwisho uliokuwa ndani, wakaenda kwao.

Maman Alphonsine alipeleka gari la kuvuta pamoja na wanajeshi aliowatafutia mafuta yeye, mafuta ambayo hayakuwa na shida kupatikana. Lori la Mumbere likavutwa mpaka Bunia, likapita barabara ya Ngezi bila kusimama, likaingizwa uani kwa Maman. Wale wazee wawili waliitwa. Walikumbuka kila neno. Fundi Bruno naye aliitwa akaulizwa, na alivyojibu huko ndani Pétronille hakuambiwa. Mumbere alikabidhi hati za gari kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea.

"Sasa," alisema Maman Alphonsine, "ile gari haitoshi kulipa muzigo yangu yote. Lakini miye si munyama. Nani anajua ile gari kuliko weye? Utaendesha, nitakata kidogo kidogo mu mushahara."

"Mpaka lini, Maman?"

"Mpaka itaisha."

Ng'ombe wa masikini hazai, na akizaa huzaa dume. Tangu hapo, kila siku Mumbere aliondoka nyumbani alfajiri, akangoja kwenye benchi la madereva mpaka Yannick, ambaye angeweza kuwa mwanawe, atoke ampigie mluzi. "Weye, shofere!" Akasimama. Jioni Pétronille alimwekea kipande kikubwa cha samaki, naye akakikata akawagawia watoto. Hakumlaumu hata mara moja. Pétronille alitamani amlaumu, amtukane, hata ampige kibao, ili kitu kile kitoke ndani ya nyumba. Hakikutoka.


Fanny akasikia kwamba Maman Alphonsine ametia springi mpya kutoka Kampala.

"Basi zile za Médard ziko wapi?" alimuuliza Pétronille. "Gari bachukue, neno yao. Lakini resore haikuandikwa. Ile ni fungu yako. Twende tuulize."

"Leo kichwa inaniuma, wifi."

Siku nyingine ilikuwa mvua. Nyingine watoto. Mwishowe Fanny alikuja na mkokoteni ule ule, akamshika mkono, akamvuta kama mtoto anayekataa dawa.

Zilikuwa zimetupwa nje ya lango la Maman Alphonsine, ukutani, pamoja na makopo na matairi yaliyokufa. Yannick alitoka kuona wanachotaka.

"Hii?" alisema. "Bebeni tu, mama. Maman alisema iuzwe kwa kilo, lakini hata wanunuzi wa chuma wanacheka. Iliungua hii. Nani aliwauzia?"

"Haikuuzwa," alisema Fanny. "Nilitoa."

Yannick alikuwa kijana tu, hakukusudia ubaya. Alisikia haya, na kijana akisikia haya huongeza maneno.

"Pole, mama. Si kosa yako. Fundi Bruno mwenyewe alisema aliona mapema kama haifai. Alimwambia huyu mama hapa, akamujibu funga tu."

Akaingia ndani. Fanny hakuondoa macho kwenye chuma.

"Alikuambia?"

"Aliniambia, wifi."

"Siku gani?"

"Siku ulienda kutafuta mandazi."

"Na shemeji?"

"Yeye alisikia mwenyewe."

Fanny alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali.

"Kumbe wote mulijua. Ni miye tu. Nimekaa kwako na rozari, nasema itabeba, itabeba, na weye unaitikia."

"Hatukukucheka, wifi. Naapa. Tulikuonea huruma."

"Huruma." Alilitamka neno hilo bila hasira. "Ungeniambia, ningelia. Ningelia siku moja, mbili, kisha ningenyamaza, na shemeji angekuwa na gari yake. Sasa kila nikiona batoto yako na njaa, nitasema: ni miye. Ni miye na maiti yangu, tulikuja kuwamaliza."

"Si weye. Ni miye nilisema funga."

"Ulisema funga juu yangu."

Lango likafunguka nyuma yao kwa kishindo na honi ikalia. Lilikuwa gari lao, limesimama juu nyuma, imara, na trela iliyopakwa rangi upya imetulia mgongoni mwake. Mumbere alikuwa kwenye usukani. Aliwaona. Aliona mkokoteni, akaona chuma, na mguu wake ukagusa breki, gari likasita.

"Enda, shofere, enda! Konvoi haingoji!" Yannick alipiga kelele kutoka ndani.

Mumbere akaenda. Wanawake wakaruka kupisha, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na trela ndefu ikapita katikati yao kwa muda mrefu, ikiinua vumbi jekundu. Ilipomaliza kupita, mkokoteni ulikuwa pale pale na upande wa pili Fanny hakuwepo tena. Pétronille aliita, "Wifi!" mara moja tu, kwa sababu hakujua Fanny akigeuka atamwambia nini.